Picha ya Kabla

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Bukavu na wa Idjwi, katika kikao kilichofanyika kisiwani Idjwi. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Nimeombwa nizungumze juu ya mchezo wa video. Najua kuna wenye kujiuliza: inchi iko kwenye vita, watu wanakimbia, na huyu kijana anatuletea habari za michezo? Hilo ni swali la haki. Nitalijibu mbele ya kumaliza. Mnivumilie kwanza.

Mchezo wenyewe unaitwa INFRA. Ulitengenezwa Finland, na kikundi kidogo kinachoitwa Loiste Interactive. Sehemu ya kwanza ilitoka 2016, ya mwisho 2017. Mtu unayemcheza anaitwa Mark Ellis. Yeye si askari, si mganga, si shujaa. Ni mtu wa ofisi. Kazi yake ni kukagua kazi kubwa za mji: mabwawa, madaraja, mifereji ya chini ya ardhi, mitambo ya maji na ya umeme. Mji wenyewe ni wa kubuni, unaitwa Stalburg. Asubuhi uko kwenye mkutano, wakubwa wanaonyesha picha ukutani. Halafu unatumwa: nenda kwenye lile bwawa la zamani, piga picha ya kila mahali palipoharibika, urudi na ripoti. Kazi ya siku moja. Kamera shingoni, tochi mkononi, basi. Bunduki haushiki hata siku moja.

Unafika, unakuta kimya. Chuma imekula kutu. Maji yanadondoka kutoka juu, huoni yanatokea wapi. Mlango umefungwa, na ili ufunguke inabidi kwanza urudishe umeme kwenye mashine ambayo hakuna mtu aliyeigusa tangu zamani. Hakuna wa kukufundisha. Unaangalia bomba linaenda wapi, waya inatoka wapi, unafungua hapa, unafunga pale, mpaka ile mashine yenyewe ikuambie inataka nini. Betri za tochi na za kamera zinakwisha, inabidi uziokote njiani. Sisi wa Idjwi tulicheka sana hapo. Tulikuwa tunacheza kwa ordinatere ya rafiki, moto wake unatoka kwenye pano ya jua juu ya bati, na mawingu yakifunika tu, Mark Ellis naye analala. Hatukuhitaji maelezo juu ya betri.

Lakini kitu kilichonishika si giza, wala kutu. Ni karatasi. Kadiri unavyozidi kuingia ndani, unakuta makaratasi juu ya meza, barua, ripoti. Na pole pole unaelewa kwamba ule mji haukuharibika kwa uzee. Kulikuwa na watu waliojua. Kulikuwa na pesa ya kutengeneza, ikaenda pengine. Kila ufa unaoupiga picha uko na mtu nyuma yake, na siku yake, na sahihi yake.

Sisi huku tunasemaka namna gani kitu kikianguka? Tunasema: ni Mungu. Ao tunasema: ni bahati mbaya. Ao: ni vitu vya Wabelgiji, vimezeeka. Na tukishasema hivyo, tumemaliza. Mungu hapelekwi mbele ya tribinali, Mbelgiji aliisharudi kwao. Hakuna wa kuulizwa. Ule mchezo unakataa hayo majibu yote matatu, na mimi naomba leo sisi pia tuyakatae.

Tuje basi kwetu.

Ziwa letu Kivu liko na mlango mmoja tu wa kutokea, ni mto Ruzizi, pale Bukavu. Kwenye mlango huo kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza. Lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, mji ukiwa ndiyo umetoka tu kuacha jina la Costermansville. Linahesabiwa karibu megawati 30. Chini yake kuna Ruzizi ya pili, ya 1989, karibu megawati 44, ambayo tunagawana na Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu, ya megawati 206, tumeisikia kwenye redio miaka na miaka. Mpaka leo tunaisoma tu.

Ule mji uliopangwa na wakoloni kwa watu wachache, leo unahesabiwa kuwa na zaidi ya milioni moja. Waya ni ileile. Bomba ni ileile. Ninyi wa Kadutu mnajua poto ya umeme inafananaka na nini: waya mia zinatoka kwenye poto moja kama kiota cha ndege, kila mmoja amejivutia yake. Nyumba moja ikiwaka, avenyi nzima inakwenda. Ninyi wa Bagira mnajua usiku wa kuamkia robine, bidoni zimepanga mstari mbele ya watu. Na wale wanaokaa kwenye mteremko wanajua kwamba mvua ya usiku haikusikilizwaka ukiwa umelala. Unaisikiliza umekaa, nguo umevaa.

Na lile bwawa lenyewe? Linakula plastiki. Ziwa likitelemka Ruzizini, kila chupa iliyotupwa ziwani inakwenda nayo: ya Goma, ya Bukavu, ya Rwanda, ya kwetu Idjwi. Zinajikusanya mbele ya mitambo, zinaiziba, na umeme unapungua. Imefika wazamiaji wanateremka majini kuzitoa. Mchezoni ungeita hiyo fumbo moja zuri sana: taa ya nyumba inazimika, unafuata waya kurudi nyuma, unapita kabini, unapita poto, unafika bwawani, na mwisho wa waya unakuta chupa ya maji ya kunywa. Chupa haina chama wala kabila. Ukitaka kujua nani aliizima taa, anza pale, halafu uendelee kuuliza: nani alipashwa kukusanya takataka za mji, na pesa ya takataka ilikwenda wapi?

Hiyo ni Bukavu, mji unaoishi ndani ya vitu vinavyooza. Lakini kwetu Idjwi shida ni ingine, na hapa mchezo wenyewe ungekwama. Mark Ellis akishuka kwenye boti pale Bugarula na kamera yake, atapiga picha ya nini? Hakuna laini ya umeme ya taifa iliyovuka maji kufika huku, kwa hiyo hakuna waya ya kukatika. Hatuna bomba la zamani lililotoboka, juu hatukuwa na bomba lenyewe. Usiku ukisimama upande wa mashariki wa kisiwa, unaona ng'ambo taa za Rwanda. Kule Karongi, tangu 2016, mtambo wa KivuWatt unavuta gesi kutoka chini ya ziwa hilihili na kutoa megawati 26. Maji ni yaleyale. Gesi haina mpaka. Upande wetu bado tunawasha kandili.

Basi unapiga namna gani picha ya kitu ambacho hakiko? Nimefikiri sana juu ya hilo, na jibu langu ni hili: unapiga picha ya watu waliosimama mahali pa kile kitu. Mama anayepandisha mlima na bidoni ya litri ishirini, huyo ndiye bomba letu. Muganga anayezalisha huku ameshika telefone kwa meno ili imulike, huyo ndiye kabini yetu. Na boti ile iliyojaa mpaka maji yanagusa ukingo, hiyo ndiyo barabara yetu. Kitu ambacho hakikujengwa hakiwezi kubomoka. Wanaobomoka ni wale wanaokibeba.

Nikisema boti, mnajua nafikia wapi.

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka wa 2024, boti iliyoitwa MV Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, watu hawakuwa na njia ingine ila maji. Ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakiangalia. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilibeba watu 278, na hesabu ya kwanza aliyoitoa ilikuwa wafu 78. Hesabu zilibadilika baadaye. Wale watu hawakubadilika.

Ile video sisi wote tuliiona. Ilipita kwenye telefone ya kila mtu hapa. Boti inalalia upande, halafu inageuka, halafu vichwa majini. Tukaitumiana, tukalia, tukaandika "RIP". Na mimi nikawa najiuliza kitu kimoja: picha ya ile boti ikitoka Minova iko wapi? Ile ya asubuhi, wakati watu wanapanda, wakati mtu angeweza kuhesabu vichwa, kuhesabu jile za kuelea, na kusema hapana?

Mwaka mmoja mbele ya hapo, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, ilikuwa Kalehe. Siku ya soko pale Nyamukubi. Mvua, mito ikatoka, Bushushu na Nyamukubi zikafunikwa na udongo na mawe, zaidi ya watu 400 wakafa. Ziwa lilibeba miili mpaka likaileta kwenye fukwe zetu hapa kisiwani. Watu wa huku waliishika kwa mikono yao. Picha za udongo tuko nazo kwa maelfu. Picha za ule mlima uliokatwa miti, za nyumba zilizojengwa kwenye mdomo wa mto, zilizopigwa wakati watu wake wangali wanaishi, nani iko nazo?

Hapo ndipo ule mchezo ulinifundisha kitu, na ndicho nilichokuja kusema. Telefone zetu zimejaa picha za nyuma: majivu, matope, maiti, mama anapiga kelele. Mark Ellis hapigaki picha ya bwawa lililoanguka. Anapiga picha ya ufa, bwawa likiwa limesimama. Anapiga picha ya kabla. Picha ya nyuma inaomba huruma, na huruma tumepewa ya kutosha: makopo, mablanketi, ujumbe kutoka Kinshasa unaokaa siku moja na kurudi na ndege. Picha ya kabla inaomba jibu. Mkubwa aliyepewa picha ya ufa mwezi wa kwanza hawezi kusema mwezi wa nne kwamba ni Mungu.

Sasa, picha peke yake haitoshi. Hata kwenye mchezo, kupiga picha ya mashine iliyokufa hakuiamshi. Picha bila maneno ni kitu cha kupendeza macho tu. Kwa hiyo naomba kila picha iende na majibu ya maswali manne, na yaandikwe kwa maneno ya kawaida, si Kifaransa cha kutafutia alama.

La kwanza: ni kitu gani na kiko wapi? Usiseme "barabara mbaya". Sema avenyi gani, karibu na kanisa gani ao duka gani, shimo urefu wake ni hatua ngapi. Kama ni boti: jina lake, imetoka wapi, saa ngapi, umehesabu watu wangapi, jile ngapi.

La pili: ni kazi ya nani? Kila kitu kiko na mwenyewe. Umeme uko na kampuni yake, maji yako na yake, bandari iko na wakaguzi wanaokula kodi ya kila abiria. Tukisema "serikali" tunapiga ngumi hewani. Serikali haina mlango wa kubisha. Ofisi iko nao.

La tatu: iko vile tangu lini? Hapa muulize wazee. Mama mwenye kuuza samaki pale bandarini anajua tarehe kuliko ofisi yoyote. Atakuambia: huo ufa ulianza mwaka niliozaa mtoto wangu wa tatu. Andika.

La nne: nani ameishaambiwa? Hili ndilo linaumaka. Mara nyingi utakuta waliambiwa zamani. Ukiuliza vizuri, utakuta karatasi.

Na hizo karatasi ziende wapi? Katiba yetu ya 2006 hatukuipewa kwa kufungia karanga. Kifungu cha 48 kinasema kupata maji ya kunywa na umeme ni haki iliyohakikishwa. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mwenye mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na yule mwenye mamlaka anapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Na hakuna mtu wa kusumbuliwa kwa sababu ya kupeleka ombi la namna hiyo. Najua mtasema: nani anafuata hayo? Ni kweli. Lakini tukipeleka ombi lenye picha, tarehe na majina mia mbili, na miezi mitatu ikapita kimya, ule ukimya nao unakuwa karatasi. Unaingia kwenye faili. Siku ya msiba hakuna wa kusema hakujua.

Niseme pia juu ya hatari, sitaki kumdanganya mtu. Mchezoni Mark Ellis anaanguka, anazama, anachomwa na umeme, na unaanza tena mahali ulipokufa. Huku hakuna kuanza tena. Usiingie kabini, usipande poto, usitembee juu ya bwawa. Kuna vitu vya kuona ukiwa barabarani, vinatosha. Na mnajua kwamba kutoa telefone mbele ya bandari ao mbele ya mtu wa usalama ni kutafuta maneno. Kwa hiyo tusiende mmoja mmoja. Twende wawili, watatu, mchana, na adabu. Salimia. Sema jina lako. Picha itumwe kwa rafiki mara moja, ili telefone ikinyang'anywa, picha iwe imeisha kwenda. Uso wa mama na wa mtoto usiuweke bila ruhusa yao. Hatuwi wapelelezi wa mtu. Tunahesabu vitu vya watu wote.

Sasa lile swali la mwanzo. Vita iko, na huyu anazungumzia mabomba?

Ndiyo. Juu vita haikusimamisha mvua. Vita haikusimamisha waya za Kadutu kuungua. Na mara nyingi wanaouawa na vita hawauawi na risasi: wanauawa na boti, kwa sababu barabara imefungwa. Mtu akikuambia ungoje amani ndipo uulize juu ya jile za kuelea, muulize yeye anavukaka ziwa na nini.

Na kuna kitu kingine, hiki ni cha sisi wenye diplome na mikono mitupu. Mimi niko na licence tangu miaka miwili. Niliandika barua za kazi mpaka nikajua bei ya bahasha kila duka. Wengi hapa ni vilevile: tumesoma ujenzi, umeme, mazingira, uchumi, sheria, na asubuhi tunakaa kwenye ukuta tunaangalia motari wakipita. Tunasema hatuna kazi. Mshahara kweli hatuna. Lakini kazi imejaa mbele ya macho yetu, imelala njiani, maji yanaipitia juu. Nani atapima mteremko ule kama si yule aliyesoma kupima? Nani atasoma mkataba wa takataka kama si yule aliyesoma sheria? Sisemi tufanye bure maisha yote, wala sisemi tuchukue nafasi ya serikali ili yenyewe ipumzike. Nasema faili likiwa limefanywa vizuri na vijana wasio na kazi, ofisi yenye mshahara itapata haya. Na Mark Ellis alikuwa peke yake na betri zake. Sisi tuko wengi.

Basi tuanze na kidogo. Bukavu: kila komini, Ibanda, Kadutu na Bagira, ichague poto moja, mtaro mmoja, robine moja. Si mia. Moja moja, lakini ifuatwe mpaka mwisho, na maswali yote manne. Idjwi: sisi tuchukue bandari. Kila siku ya soko, watu wawili wasimame pale, wahesabu wanaopanda na wahesabu jile, waandike kwenye daftari. Wenye boti wengine watakasirika. Wengine, naamini, watafurahi, juu nao wako na watoto ndani ya zile boti.

Na ninyi mliotoka Bukavu, mnarudi kesho asubuhi. Pale bandarini, mbele ya kupanda, hesabuni. Mkikuta watu wamepita kiasi, msipande, na muwaambie wengine kwa nini. Mtachelewa kazi ya hakuna kazi. Boti itangoja, ao itakuja ingine.